Mdomo Ulikuwa Wangu

Skerry Arm, Newfoundland
8 Septemba 2017

Mjukuu wangu Jenelle,

Nakusalimu kwa mwandiko unaotetemeka, lakini usinihurumie. Unatetemeka kwa sababu naandikia juu ya goti. Mezani nimefungua injini ya boti ya Gus na sasa sikumbuki skrubu zipi zilitoka wapi. Mimi mzima, kwa kadiri mzee wa miaka themanini na mbili anavyoweza kuitwa mzima. Paka wa bibi yako naye mzima, mnene kuliko padri. Padri mwenyewe amehamishwa. Siku hizi tunaletewa mwingine kwa feri mara moja kwa mwezi, kama mboga, na anafika amenyauka vilevile.

Philomena wa jirani anakusalimu. Ameng'olewa meno mawili ya mbele, maneno hayajapungua.

Sasa. Nimekupigia simu Jumapili tatu mfululizo. Kuna mwanamke anapokea, sauti yake nzuri kweli, ananiambia namba hii haitumiki. Mara ya kwanza nilimwambia asante. Mara ya pili nikamuuliza yeye ni nani na kwao ni wapi. Mara ya tatu Philomena alikuwa amekaa pembeni, akacheka mpaka akashika mbavu. "Leander," akasema, "huyo si mtu, ni mashine. Wiki tatu unatongoza mashine!"

Anasema pia kwamba huko mtandaoni umefunga kila kitu. Picha hazipo, jina halipo, kama vile hujawahi kuzaliwa. Mimi mtandao sina, unajua. Nina redio na dirisha la jikoni, na vyote viwili vinanitosha. Ila Jumapili imekuwa ndefu sana bila sauti yako. Tangu baba yako Clayton na bibi yako Effie walale kule juu nyuma ya kanisa, simu ya Jumapili ndiyo familia yangu yote.

Sikuulizi kuna nini. Barua hii naituma kwenye anwani yako ya Edmonton, posta watajua la kufanya. Niambie jambo moja tu: Krismasi unakuja? Nataka kujua kama nikipake rangi chumba chako au nimwachie paka.

Babu yako,
Leander Fudge

Barua imengoja mpaka jioni: nimemaliza kuifunga injini, skrubu mbili zimebaki, na inanguruma bila hizo. Nimemwambia Gus hazikuwa na kazi.


Medicine Hat, Alberta
2 Oktoba 2017

Babu mpendwa,

Natumaini magoti yanakutii na paka anakutii pia. Barua yako imezunguka karibu mwezi mzima. Imenifikia na vibandiko vitatu vya posta, kimoja juu ya kingine.

Nimehama. Siko tena kwenye ile nyumba ya kutunzia wazee. Siku hizi nachuma nyanya ndani ya nyumba ya vioo, kubwa kama kijiji chetu kizima, na ndani ni joto mwaka mzima. Nimekata nywele. Hapa wananiita Ann, jina langu la katikati, na Mungu anisamehe, nimewaambia mimi ni mtu wa Ontario.

Kuna jambo lilitokea mwezi wa sita. Usiniulize. Simu niliyo nayo ni ya kupiga na kupokea tu, na namba wanayo watu wawili: msimamizi wangu na daktari wa meno. Wewe sikupi, na si kwamba sikuamini. Nikisikia sauti yako nitasema kila kitu.

Anwani hii usimpe mtu. Hata Philomena. Hasa Philomena.

Krismasi sijui, babu. Chumba mwachie paka kwanza.

Mjukuu wako


Skerry Arm
21 Oktoba 2017

Kwa Mheshimiwa Ann wa Ontario,

Pokea salamu za watu duni wa pwani. Bibi yako alistahimili mengi duniani, vita, njaa, na mimi, lakini hilo la kuikana pwani kwa ajili ya Ontario lingemtoa kaburini na fagio mkononi.

Habari za huku. Gus alilala na kichomi siku nne, nyumba ya tatu kutoka kwangu, na hakuna aliyejua. Zamani ukikohoa hapa Skerry Arm unaletewa supu hujamaliza kukohoa. Siku ya tano niliingia kwa Philomena, nikamkuta na simu usoni. Akanipa habari za mbwa aliyeokolewa mtoni huko Brazili: jina lake, umri wake, mpaka mfupa aliopewa.

Nikamuuliza, "Na Gus?"

"Gus kafanya nini?"

"Si ndiyo nakuuliza wewe mwenye habari za dunia!"

Nilipomwambia nilivyomkuta Gus kitandani, akavaa buti, akatoka mbio na sufuria, analia njia nzima. Si mtu mbaya, Philomena. Amekaa karibu sana na Brazili tu. Na Gus sasa hajambo, ameanza kulalamika kuhusu injini yake.

Sasa nikuambie kitu, na usichane barua. Nimeiona. Ile video. Mhudumu wa feri alituonyesha mwezi wa sita uleule. Sekunde kumi na moja. Umesimama dukani, mkate mkononi, unamwambia yule mzee wa kofia maneno yale. Niliangalia mara moja, nikarudisha simu ya watu.

Sitakudanganya kwamba hayakuniuma. Si kwa ukali wake. Bibi yako alikuwa ananiambia makali zaidi ya hayo kabla ya chai. Yaliniuma kwa sababu yule mzee ana mgongo kama wangu.

Lakini Jenelle, mimi nimeishi miaka themanini na mbili. Mngenichagulia sekunde kumi na moja zile mbaya kabisa, mngeninyonga bila kesi. Nikupe mfano mmoja: mwaka sitini na nane nilimtapikia askofu kwenye viatu, mchana kweupe, kijiji kizima kinatazama. Kamera haikuwepo. Walikuwepo watu sitini tu, na karibu wote wamekufa, Mungu awalaze pema na azidi kuwalaza.

Kuna jambo jingine nilitaka kuandika hapa, ila karatasi imekwisha.

(Karatasi haijaisha, unaiona mwenyewe. Ni mimi nimeishiwa.)

Babu yako


Medicine Hat
14 Novemba 2017

Babu,

Hujambo? Gus amepona kweli? Huku theluji imefika juu ya vioo, ukiwa ndani unaiona inayeyuka na kuteremka kama jasho.

Kwa hiyo uliiona. Barua yako niliisoma nikaificha chini ya godoro wiki mbili, kama vile ingeweza kunitazama.

Basi nikusimulie yote, maana umeshaona nusu. Nilikuwa nimetoka kazini, saa kumi na sita mfululizo, na asubuhi ile bibi mmoja niliyekuwa namlisha kila siku alifia mikononi mwangu. Sisemi hivyo kujitetea. Nilikwenda kununua mkate. Mbele yangu kwenye foleni alikuwa mzee anamsimulia muuzaji habari za mkate aliokuwa akipika marehemu mkewe, anasimulia, anasimulia, na mimi nikamwambia, "Mzee, si uende ukafie nyumbani utupishe." Nilisema, babu. Hawakunisingizia. Kila nikifumba macho, mzee yule ana sura yako.

Unajua alinijibu nini? Aligeuka, akaniangalia vizuri, akasema, "Nitakufa tu, binti, lakini mkate kwanza." Nikacheka. Naye akacheka. Nikaanza kulia palepale. Nikambebea mfuko mpaka kwenye gari lake, akanipa peremende. Sehemu hiyo aliyekuwa anatuchukua kwa simu hakuihitaji, akaikata.

Siku tatu za mwanzo huko mtandaoni nilikuwa "yule mwanamke wa mkate" tu. Watu laki nane walinitukana, na nilikuwa nawasoma kama habari ya mtu mwingine, kitandani, na chai. Siku ya nne mtu akasema lafudhi yangu ni ya pwani ya kusini ya Newfoundland. Akachukua picha yangu akaipeleka kwenye ukurasa wa kwetu, babu, ule wa kutangazia paka waliopotea na ratiba ya feri, akauliza: nani anamjua huyu? Nusu saa haikupita, jibu likaja. Jenelle Fudge, binti wa marehemu Clayton, mjukuu wa Leander na Effie, yuko Edmonton, anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na nyumba yenyewe ikatajwa jina, na anakaa ghorofani juu ya duka la mikate.

Hata duka la mikate!

Kesho yake kulikuwa na watu mlangoni. Kazini walipigiwa simu mara mia mbili, mpaka mkurugenzi akaniomba niondoke mwenyewe kwa heri. Kuna mtu alinitumia picha ya kaburi la baba. Sijui aliipata wapi. Aliandika chini yake kwamba baba ana bahati hakuniona.

Jibu lile lilitoka kwa Philomena. Jina lake lipo juu yake, na picha yake na ile kofia ya zambarau. Mwanamke aliyenifundisha kufuma soksi! Nikija Krismasi ataingia jikoni kwako bila hodi kama kawaida yake, na itabidi nimwambie karibu. Siwezi. Nakukumbuka sana. Kuna siku nasimama katikati ya nyanya nikitafuta harufu ya jiko lako la kuni. Lakini mahali alipo mtu yule, siji.

Niandikie kuhusu paka.

Mjukuu wako


Skerry Arm
9 Desemba 2017

Jenelle,

Paka mzima. Umeniomba habari za paka, ndizo hizo.

Barua yako imekaa chini ya redio siku kumi na saba. Nimekuandikia majibu manne na yote nimeyatia motoni. Lile la kwanza ndilo lililokuwa zuri. Nilikubaliana na wewe kuhusu Philomena. Nilimsema vizuri, kwa huruma, kwamba ni mzee, kwamba hafikiri. Bahasha nilikwisha kuilamba. Halafu yeye mwenyewe akaingia, bila hodi kama ulivyosema, na sufuria ya kabichi na nyama ya chumvi.

"Jenelle ameandika?" akaniuliza.

"Bado."

"Maskini mtoto."

Nikaila ile kabichi. Nilipomaliza nikaona barua ile haiwezi kwenda posta.

Vidole vilikuwa vya Philomena. Mdomo ulikuwa wangu.

Nilikuwa jikoni kwake nakunywa chai. Akasema, "Leander, hebu tazama, si Jenelle huyu?" Akanigeuzia simu. Ilikuwa picha tu, haina sauti, wewe na mkate wako, na chini yake wameandika: nani anamjua huyu? Binti yangu, unajua tulivyo huku. Mtu akiuliza huyu ni wa nani, unamjibu mpaka umfikishe kwa babu wa babu. Ndiyo adabu. Mgeni akishajulikana ni wa nani ndipo anavutiwa kiti. Mimi nilidhani umeshinda kitu. Na moyoni nikasema, labda ameumia mahali na wanatafuta watu wake.

Philomena akasema, "Tungoje kidogo, tujue wanamtakia nini." Yeye ndiye aliyesema hivyo, mwanamke ambaye hajangoja kitu tangu azaliwe. Mimi nikamwambia, "Andika, acha uoga, ni mjukuu wangu, sioni haya kumtaja." Nikamtajia kila kitu polepole, kama mtu anayeandikisha wosia, naye akabonyeza herufi mojamoja. Alipofika mwisho akataka kutuma, nikamwambia subiri, ongeza duka la mikate. Duka la mikate nililitaja mimi. Nilitaka wajue unakaa mahali pananukia vizuri.

Siku tatu baadaye mhudumu wa feri akatuonyesha video, ndipo tukaelewa. Philomena alifuta maneno, lakini ilikuwa kama kuzoa maziwa yaliyoingia mchangani. Alitaka kukuandikia akuombe radhi. Nilimkataza. Nilimwambia usiguse tena jambo hili, utaharibu zaidi, na ukweli ni kwamba niliogopa atakuambia nani alikuwa anasema na nani alikuwa anaandika. Miezi sita amebeba jambo langu, na hajanisuta hata mara moja, yeye ambaye hunisuta kwa kuvaa soksi vibaya.

Kila Jumapili niliyokuwa nakupigia simu, hilo ndilo nililokuwa nataka kukuambia. Namba ilipokuwa haipatikani, nilihuzunika, na nyuma ya huzuni nilikuwa napumua. Na hilo nalo ulijue.

Sikuombi uje. Chumba nimekipaka rangi, lakini usichukue hilo kama kukuita. Nilikuwa na rangi imebaki. Nakuambia ili usimchukie asiyestahili.

Leander


Skerry Arm
8 Januari 2018

Mjukuu wangu,

Heri ya mwaka mpya. Sisi huku tumeuona, wote kasoro jogoo wa Gus. Barua yako haikuja na sikuitarajia. Posta nilikuwa naenda kila siku kunyoosha magoti tu.

Siku kumi na mbili za Krismasi zimekwisha juzi, na mwaka huu watu wa vinyago wamepita nyumba kwa nyumba kama zamani. Nilidhani mambo hayo yamekufa. Yamerudi, na sheria ni zilezile: foronya kichwani, mume avae gauni la mke, mto tumboni au mgongoni, na kuongea kwa kuvuta pumzi ndani ili usijulikane sauti. Mwenye nyumba anabahatisha, na aliyetajwa jina hana ujanja, lazima afunue uso.

Juzi jioni, chai haijapoa mezani, wakaingia watano jikoni kwangu na theluji mpaka magotini. Tulikuwepo mimi na Philomena, na Gus na kodiani yake. Nikaanza kazi. Wa kwanza nilimjua kwa tumbo, maana halikuwa mto. Wa pili nilimjua kwa gauni, kwa kuwa mwenye gauni niliwahi kumposa mwaka hamsini na saba. Wa tatu na wa nne walicheka, na watu wa ukoo wao wakicheka ni kama bawaba isiyotiwa mafuta. Wanne wote foronya juu, ramu mkononi.

Akabaki wa tano. Mwembamba, koti la mvua la njano, foronya ya maua, soksi nyekundu amezivaa mikononi. Hakutoa neno hata la kuvuta pumzi. Alisimama karibu na jiko, uzito wote mguu mmoja, vile unavyosimama wewe tangu ulipovunjika kifundo pale gatini.

Philomena akanigonga na kiwiko. "Haya, Leander, huyu je? Huyu ni wa nani?"

"Atamtaja tu," Gus akasema, "Leander hakosi."

Wote wakanigeukia. Gus akaishusha kodiani magotini.

Jenelle, nilikuwa na jina lako ulimini. Sijalitamka mbele yako zaidi ya mwaka. Ningelitoa tu, ungelazimika kufunua, nami ningekuona uso. Nilikuwa na hamu ya uso huo kuliko ya chakula. Na wote mle jikoni wangekuona pia, hujasema kama unataka kuonwa.

Nikasema, "Simjui."

"Humjui?" Philomena akanitazama kama nimeangusha sahani.

"Simjui. Kama hanifai kwa jina, atanifaa kwa kucheza. Gus, piga!"

Kwanza nikamkatia keki ya zabibu na kummiminia ramu. Akainua foronya kidogo, mpaka kidevuni tu, ili apate kula. Mimi nikageuka nikatazama ukuta. Kuna ufa pale, nitauziba. Halafu tukacheza. Mkono wake ulikuwa wa baridi hata ndani ya soksi. Nilicheza nyimbo mbili nzima kwa magoti haya, na Philomena ni shahidi. Aliondoka na wenzake, mlangoni akageuka akainama kidogo, akaenda. Sikuuliza atalala wapi wala alikuja na feri gani.

Kama ni wewe, asante. Sitauliza na sitamwambia mtu. Philomena ameniuliza mara tisa, mara tisa nimenyamaza, sasa anasema akili yangu imeanza kuondoka. Mwache aseme.

Babu yako


Medicine Hat
29 Januari 2018

Babu mpendwa,

Mimi mzima. Nyanya nzima. Pole kwa jogoo wa Gus.

Hakuwa mimi.

Nimefikiria kukuacha uamini hivyo, kwa kuwa ulicheza nyimbo mbili, lakini tumeshafichana vya kutosha. Tarehe sita nilikuwa zamu, napanga nyanya kwenye masanduku, na barua yako ya Desemba ilikuwa mfukoni mwa aproni, mikunjo yake imeanza kukatika. Sikujibu kwa sababu nilikuwa na hasira. Bado ninayo, usidhani imekwisha. Nikifika pale pa duka la mikate nakasirika, halafu nasoma kwamba ulitaka wajue pananukia vizuri, nalia, halafu nakasirika upya. Itachukua muda.

Yule wako wa foronya ya maua huenda ni kijana wa watu kutoka ghuba ya pili, na hivi sasa anawasimulia kwao jinsi Leander Fudge alivyoshindwa kumtambua.

Lakini babu, hukujua kwamba si mimi. Ulikuwa na jina langu mdomoni, jikoni kumejaa watu wanaolisubiri, ukalimeza. Wewe! Nimeisoma sehemu ile kwa sauti kwenye kituo cha basi, mpaka mama mmoja akahamia benchi lingine.

Nimeomba likizo. Nitakuja mwezi wa tatu, Alhamisi ya pili, feri ya mchana. Mwambie Philomena awepo. Nilimchukia miezi sita bure, nataka kumwomba radhi nikiwa nimesimama mbele yake. Wengine usiwaambie siku.

Na nikishuka pale gatini, awepo awaye, anichukue anichukuaye kwa simu yake, naomba uniite. Usiniite binti wala mjukuu. Huku mimi ni Ann toka asubuhi mpaka jioni, na kuna siku mtu anasema "Ann" mara tatu ndipo nakumbuka kugeuka. Simama mwanzo wa gati, vuta pumzi, uniite Jenelle kwa sauti ile unayomwitia Gus akiwa baharini.

Mjukuu wako